Uongo Mmoja wa Tata Muthoni

Tulimzika Tata Muthoni huko Kiriaini, kwenye kishamba chake cha kahawa kilicho juu ya mto, na kabla jeneza halijateremshwa nilikuwa nimesikia habari zake ambazo yeye mwenyewe asingezitambua. Mhubiri alisema marehemu aliwahi kufungwa na mashetani ya karata, kabla Bwana hajamfungua. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu chini ya hema, sahani ya wali mapajani, alimnong'oneza mwenzake, "Huyu alikuwa na macho. Ati mtu akipotea, anatandika tu karata anakuambia ako wapi. Kuna bibi ya mtu alipotea huko Nyeri, akamwona Isiolo." Mwenzake akauliza kama huyo bibi alipatikana. "Si ndio nakuambia, alimwona." Nilitaka kugeuka niseme kitu. Lakini nimefika umri ambao mtu akisema kitu matangani watu humsikiliza kwa heshima, kisha wanaendelea kuamini walichokuwa wakiamini. Nikanywa chai yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiurudia moyoni ule mwaka nilioishi mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, kwa sababu wanaojua kilichotokea sasa tumebaki wawili, na mwenzangu, huyo bibi mwenyewe, hapendi kuuzungumzia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja Nyeri kujifunza ushonaji. Nilipanga chumba kwa Mama Salimu, si mbali na msikiti: ua wa saruji wenye bomba moja katikati, vyumba vya mbao pande tatu, choo upande wa nne. Chumba changu na cha Tata Muthoni vilikuwa chumba kimoja zamani, kikagawanywa kwa mbao ambazo zilikauka zikaachana. Nilibandika magazeti juu ya nyufa, lakini gazeti halizuii sauti. Nilijua akivua viatu, akikoroga uji, akigeuka kitandani. Tata kwa lugha yetu ni shangazi. Hakuwa shangazi yangu wa damu, ila alinipita umri kwa zaidi ya miaka ishirini, na tangu wiki ya kwanza alikuwa akinigongea mbao jioni na kusema, "Nyokabi, lete sahani." Tulikula githeri yake, mahindi na maharagwe, kwenye stuli, jiko katikati ya miguu yetu, kwa maana baridi ya Nyeri katikati ya mwaka haikai nje ya nyumba. Mara nyingi Mama Salimu alijiunga nasi na birika lake la chai ya tangawizi, na akishaketi habari zilikuwa zile zile, za Salimu, mwanawe wa pekee, aliyefuatana na wafanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki kwenda kaskazini na hakurudi. Alitusimulia njia yote kama alivyosimuliwa na wale waliorudi: barabara inateremka, baridi inabaki nyuma, kisha ni vumbi tu na ngamia. Tulimsikiliza kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Asubuhi Tata Muthoni aliuza sukuma wiki sokoni. Alasiri alisomea watu karata. Alikuwa amefanya kazi ya nyumba miaka mingi kwa mama mmoja mzungu karibu na Nanyuki, na mvua ikinyesha yule mama alikuwa akimketisha mezani na kumfundisha karata za tarot, zile za picha ambazo wazungu hubashiria. Mzungu aliporudi kwao alienda na karata zake. Tata alizipata zake baadaye kwa muuza vitabu vikuukuu, zimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Moja ilikuwa imepotea, ile ya mwezi, akaichora mwenyewe kwa kalamu juu ya boksi la sabuni. Nalieleza hili kwa sababu Majengo ilisemekana kwamba karata hizo hazinunuliwi, kwamba mtu hurithishwa na mwingine anayekata roho, na kwamba ile moja ilichorwa kwa damu. Ilikuwa wino wa buluu. Wengine walisema ukizigusa bila ruhusa mkono unakauka. Mimi nilizigusa mara nyingi nikipangusa stuli, na mkono huu ndio umenilisha kwa cherehani maisha yangu yote.

Lakini kosa kubwa la watu lilikuwa kudhani kwamba kazi yake ni kutabiri. Nilimsikiliza kupitia mbao karibu mwaka mzima na sikuwahi kumsikia akitabiri kitu. Hakuwasha mshumaa, hakufumba macho. Alitandika karata chache, akauliza, "Hapa unaona nini?" kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mtu akiulizwa anaona nini kwenye picha ya mwanamume aliyeinamia mzigo wa fimbo, atazunguka weee, mwishowe atazungumza juu ya mzigo wake. Aliyetaka kujua kama mwanawe atapita mtihani, au kama bwana atarudi, alijibiwa jambo moja tu: "Hiyo karata haijui. Hata mimi sijui." Baadhi yao waliondoka wamekasirika, wakachukua na mayai yao waliyoleta.

Ng'ambo ya bomba waliishi Baba Shiru na mkewe na binti yao mdogo. Baba Shiru alikuwa na bucha sokoni. Aliimba besi kanisani, hakulewa, na Jumamosi aliwagawia majirani mifupa ya supu. Ni vigumu kumfikiria vibaya mtu ambaye umekunywa supu yake. Mkewe hakuwa msemaji. Hata jua likiwaka alivaa sweta ya mikono mirefu, nami nilidhani ni mtu wa kusikia baridi.

Alasiri moja, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, nilikuwa nikishona pindo za sare chumbani nilipomsikia Mama Shiru akipiga yowe upande wa pili wa mbao. "Uui! Mimi nitakufa!" Ua mzima ulisikia. Mama Njeri, jirani yetu aliyekuwa akichota maji, aliacha ndoo yake ikifurika. Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Sauti ya Tata Muthoni ikaja chini, polepole. "Keti. Hiyo ni mifupa imepanda farasi, ni picha tu. Haisemi mtu atakufa. Inasema kuna kitu imefika mwisho. Ukivuna mahindi si unang'oa hiyo mabua ndio upande ingine? Sasa niambie wewe. Ni nini imefika mwisho?"

Kisha nikasikia sweta ikivuliwa, na Tata Muthoni akivuta pumzi kwa meno.

"Hii alama ni ya lini?"

"Jumapili. Tukitoka kanisa." Kisha, baada ya kulia kidogo, "Dada ya mama yangu ako Kangema. Anachuma majani chai. Aliniambia siku nikitaka nije tu, hata usiku. Karata inasema niende?"

"Karata haiwezi kusema uende. Ni wewe umesema Kangema. Mimi sikuwa najua kama uko na mtu huko."

Haikupita wiki. Baba Shiru akiwa kichinjioni, mkewe alitoka na mtoto mgongoni na mfuko mmoja mkononi, kama mtu anayeenda zahanati, na hakurudi.

Baba Shiru hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alifungua bucha kama kawaida, akakata nyama, na kila mnunuzi akaambiwa kwa upole kwamba mkewe alionyeshwa kifo kwenye karata za yule mama na tangu hapo hajaonekana. Mama Njeri akaongeza yowe alilolisikia. Habari ilipomaliza kuzunguka soko, mtoto alikuwa ametolewa kafara. Sukuma wiki ya Tata Muthoni ikaanza kurudi nyumbani imenyauka. Bombani wanawake walivuta ndoo zao kando akifika, na akishaondoka Mama Njeri alilisugua bomba kwa majivu. Mama Salimu peke yake aliendelea kuja na birika lake. "Mimi dini yangu hairuhusu ramli," alisema, "lakini kumla mtu nyama akiwa hai hairuhusu pia."

Jioni moja tukiwa wawili tu, Tata aliniuliza akiwa anakata mboga, hakuinua macho.

"Siku ile ulisikia?"

"Nilisikia, Tata."

"Yote?"

"Yote."

"Basi tuko wawili."

Nikamwambia tungeweza kusema tu kwamba yule mama yuko hai, tusitaje mahali. Akaweka kisu chini. "Ukisema ako hai, watakuuliza umejuaje. Wakikuuliza umejuaje, wewe ni mtoto, utasema. Na huyo mtu kesho ako Kangema." Niliumia kuitwa mtoto. Siku hizi nikikumbuka kwamba alinieleza sababu, naona aliniheshimu kupita nilivyostahili.

Watu walikuja na Baba Shiru Jumapili baada ya ibada, wangali na nguo zao za kanisani. Labda kwa sababu hiyo sikuogopa mwanzoni. Walionekana kama watu waliokuja kuchumbia. Kisha nikaona mmoja wao amebeba kibuyu cha plastiki, na harufu ya mafuta ya taa ikafika mlangoni. Mama Salimu alisimama kwenye kizingiti cha Tata Muthoni, mikono kiunoni, mtandio umemteleza. "Huyu ni mpangaji wangu! Mkichoma chumba hiki mmechoma nyumba yangu, na msikiti uko pale unawaona!" Walisitasita. Baba Shiru akapita katikati yao taratibu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mama, mimi sitaki fujo. Nataka bibi yangu na mtoto wangu." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimebanana na mlango wangu. "Wewe Nyokabi unalala nyuma ya hiyo mbao. Ulisikia nini?"

Alinitazama kama mtu anavyotazama paja la ng'ombe kabla ya kuamua litakatwa wapi. Nilisema, "Nilikuwa na cherehani." Akaendelea kunitazama. "Cherehani inapiga kelele, Baba Shiru. Sikusikia." Na kama angeniuliza mara moja zaidi, sijui. Nimejiuliza miaka yote hii, na bado sijui.

"Wachana na mtoto," sauti ikasema. Tata Muthoni alitoka nyuma ya Mama Salimu na stuli mkono mmoja, karata mkono wa pili. "Unataka kujua bibi yako ako wapi? Si mnasema hizi karata zinajua kila kitu? Sawa. Keti."

Kilichofuata ndicho nilichokiona kwa macho yangu na ambacho sikupata kukisahau. Watu wale waliokuja kuchoma kazi ya shetani walisogea ili waione vizuri. Yule wa mafuta ya taa alikiweka kibuyu chini akachuchumaa mbele. Mama Njeri alimbeba mtoto wake begani. Tulisikia hata bomba likidondosha maji. Tata alifunua karata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuuliza mtu anaona nini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifumba macho.

"Naona barabara," alisema. "Inateremka. Baridi inabaki nyuma." Akagusa karata ya tatu kwa kidole. "Kuna vumbi. Kuna ngamia."

"Isiolo!" mtu akasema kutoka nyuma. Si yeye aliyesema. Na Baba Shiru, ambaye nilikuwa nimetegemea angecheka, alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Alisoma na msichana mmoja," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe, "akaoleka huko. Isiolo. Ningejua." Watu wakaguna pamoja. "Ameona," Mama Njeri alisema. "Wallahi ameona," akasema mwingine. Baba Shiru alisimama, akafunga tena vifungo ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa, akaondoka. Asubuhi iliyofuata bucha ilikuwa na kufuli, naye alikuwa njiani kwenda kaskazini.

Ua ulipobaki mtupu niliingia kwa Tata Muthoni. Alikuwa ameketi kitandani, karata zimetawanyika sakafuni alikoziachia. "Nimechukua hii kitu nikadanganya nayo mtu," alisema. Nikamwambia amemwokoa Mama Shiru, ameokoa na nyumba. "Najua. Sijasema nimekosea. Nimesema nimedanganya." Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyeponea chupuchupu, nikamuuliza huku nikicheka, ngamia aliwatoa wapi, yeye ambaye hajawahi kuvuka Nanyuki. Alitazama mlangoni, kule ambako Mama Salimu alikuwa amesimama dakika chache kabla, na ndipo nikakumbuka ile barabara tulivyoijua, na tuliisikia kwa nani.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na watu uani. Mzee mmoja alikuwa amepoteza mbuzi. Msichana alitaka kujua herufi ya kwanza ya jina la atakayemwoa. Yule mwanamume wa mafuta ya taa alikuwapo pia, kofia mkononi, shemeji yake alikuwa ametoweka na pikipiki. Wakati Tata alipokuwa akiwaambia ukweli walimwita mchawi. Sasa amewaambia uongo, walimwita mwonaji, na walikuwa wamemletea kuku. Aliwarudisha mmoja mmoja. "Sijui. Siwezi kujua. Enda polisi, mzee." Wakaona anaringa.

Mama Salimu alisubiri hadi wote walipoondoka. Hakuja na birika. Nilikuwa upande wangu wa mbao, na safari hii ningelipa chochote nisisikie.

"Muthoni. Mwanangu yuko hai?"

"Mama, mimi sijui."

"Barabara uliyoiona jana ndiyo aliyopita. Vumbi lile. Ngamia wale. Ulimwona na yeye, ukanyamaza kwa sababu ya watu. Sasa hakuna watu. Niambie."

"Sikumwona, Mama. Karata hazionyeshi mtu alipo. Nimekuambia hivyo tangu nihamie hapa."

"Kwa yule muuza nyama ulitazama."

Nilijua Tata anachokitafuta, nami nilikuwa nikikitafuta pamoja naye: neno ambalo lingemwambia Mama Salimu ukweli bila kumfikisha Baba Shiru Kangema. Mama Salimu alikuwa mwaminifu, lakini alikuwa na ua uliojaa masikio na machungu yasiyojua kunong'ona. Neno hilo halikuwapo.

"Nilisimama mlangoni kwako," Mama Salimu alisema. Sauti yake haikupanda. "Walikuja na mafuta, nikasimama. Leo nakuomba kitu kimoja, kwangu mimi unakataa?"

"Nisamehe, Mama. Sijui alipo."

Kuanzia siku hiyo Mama Salimu hakumsalimia tena. Alipokea kodi yake bila kumtazama usoni. Baba Shiru alirudi baada ya wiki kadhaa amekonda, akisema watu wa Isiolo wamemficha mkewe, na mara kwa mara alifunga bucha akaenda tena. Kwa hiyo hatukuweza kusema, si mwezi ule, wala uliofuata. Tata alinituma Kangema siku moja kumwambia Mama Shiru asije mjini, hata kwa matibabu. Nilimkuta kwenye majani chai, kikapu mgongoni, mikono ya blauzi imekunjwa hadi juu ya viwiko. Shiru alikuwa akimfukuza kuku. Mama yake aliniuliza kama Tata Muthoni yuko salama, nikasema yuko salama. Mwaka ulipoisha Tata alihamia Kiriaini akaanza kuuza mboga huko, na karata hakuwahi kuzitandika tena. Sijui alizipeleka wapi. Kila nilipomtembelea, kabla hata sijaketi, aliuliza, "Mama Salimu hajambo?" Nami nilimjibu kwamba hajambo.

Baba Shiru alikufa kitandani mwake miaka mingi baadaye, akazikwa kwa kwaya. Wiki iliyofuata nilikwenda Majengo. Mama Salimu alikuwa mzee sana, macho yameingia ukungu, ameketi kwenye mkeka chumbani. Nilimweleza yote: sweta, Kangema, kwamba zile karata hazikuona kitu, na kwamba Tata Muthoni alisema maneno aliyoyakumbuka kutokana na chai zetu za jioni. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hivyo wale ngamia walikuwa wangu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Alikuwa amekusikiliza wewe."

Alipapasa mkeka akaupata mkono wangu, akaushika. Nilidhani ataniambia nimpelekee Tata salamu za msamaha, na nilikuwa nimeshapanga kwenda Kiriaini siku iyo hiyo.

"Binti, umefanya vizuri kuja, lakini ungeniacha," alisema. "Miaka yote hii nimemchukia yule mwanamke kwa sababu alijua Salimu alipo akanificha. Nilimchukia, lakini alikuwa anajua. Kama kuna mtu anajua, basi mwanangu yuko mahali. Sasa umeniambia hakuna anayejua."

Adhana ya alasiri ikaanza. Aliniomba nimsaidie kuinuka. Nikamshika hadi mlangoni, nikammiminia maji kwa kopo, naye akatawadha polepole, mikono, uso, miguu.